Fungua Kinywa

Jumatatu, 2 Machi

Nimeanza kazi leo. Nyumba ina vyumba saba, wazee kumi na mmoja, ukumbi mmoja wenye madirisha mapana, na leseni ya muda inayokwisha mwishoni mwa Mei. Meneja alinieleza hayo yote tukiwa bado mlangoni, mwavuli wake ukinidondoshea maji juu ya viatu. Mwaka jana mkaguzi alikuta dawa za wazee wote kwenye kapu moja jikoni, pembeni ya chumvi. Ndiyo sababu nimeajiriwa. Masharti ni haya: awepo muuguzi, liwepo kabati lenye kufuli, na kila dawa imezwe na yule aliyeandikiwa.

Nilidhani kustaafu kungenitosha. Nilikaa nyumbani miezi minne nikipanga upya vyombo vilivyokuwa vimepangwa.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Nimebandika majina kwenye vikombe vya dawa.

Alhamisi, 5 Machi

Nimeanza kuwatambua. Kuna Mzee Koti, anayevaa koti la sufu hata jua likiwa kali na anayesoma gazeti lilelile kwa siku tatu. Kuna Bi Cherehani, aliyeshona sare za shule maisha yake yote na sasa anapinda vitambaa vya meza kwa mkono kwa sababu macho hayaiwezi tena mashine. Yeye ana kidonge kimoja cha presha kila asubuhi. Anakitia mdomoni, anakunywa maji, anashukuru, anainuka papo hapo. Mpishi anasema ni mkaidi kama kamba mbichi. Mimi sijaona ukaidi bado.

Rafiki yake ni Mama Posta, aliyekaa kaunta ya posta hadi alipostaafu. Huyu dawa zake haziko kwenye kabati langu. Kanuni zinaruhusu mzee mwenye akili timamu ajihifadhie dawa mwenyewe, ilimradi daktari amekubali na mtu wa nyumba azihesabu kila wiki. Nilikwenda kuzihesabu. Alikuwa amekaa wima kitandani, nywele zimechanwa, ufunguo wa droo shingoni kwa utepe. Naye ni wa presha. Alitoa chupa, akaitikisa karibu na sikio langu.

“Unazisikia? Zipo. Mwanangu, nimekaa kaunta miaka yote ile sijapungukiwa hata stempu.”

Akaifungia. Ningeweza kumwambia azimwage kitandani tuhesabu. Niliona haya. Nimeandika: zipo.

Jumatatu, 9 Machi

Siku ya kupima presha. Ya Bi Cherehani iko juu mno kwa mtu anayemeza dawa kila siku. Ya Mama Posta ni nzuri. Nimemsifu.

Jumamosi, 14 Machi

Meneja ameleta kabati jipya la chuma. Ni mtu wa adabu, mwenye wasiwasi, anayeomba radhi hata kwa mlango ukimgonga. Nyumba hii aliianzisha marehemu mama yake, na nadhani anaiendesha kama mtu aliyeachiwa mtoto wa watu.

Ijumaa, 20 Machi

Leo nilimkuta Bi Cherehani kwenye ujia anajifuta midomo. Kwenye leso kulikuwa na kidonge, kimelowa lakini hakijayeyuka. Aliniona nimeona. Nilimuuliza kama kinamdhuru tumbo. Akasema hapana. Nilimuuliza kama ni kichungu. Akasema chungu ni uzee, si dawa. Nikachukua kidonge, nikakitupa kwa utaratibu unaotakiwa, nikaandika.

Kuanzia kesho kila mzee anafungua kinywa baada ya kumeza na kuinua ulimi. Wodini tulifanya hivyo na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Jumamosi, 21 Machi

Wamefungua vinywa. Mzee Koti alifungua chake kwa dakika nzima, akitaka nimweleze jino lipi litaanguka kwanza. Bi Cherehani alikuwa amekibana kidonge chini ya ulimi. Nilisimama mbele yake mpaka akakimeza. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia kondakta asiyerudisha chenji.

“Umekuwa askari sasa, Sista.”

Nikasema ndiyo.

Jumapili, 22 Machi

Vilevile.

Jumatatu, 23 Machi

Vilevile. Hanisalimii.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua imetoboa paa la stoo. Mpishi kaweka sufuria tatu sakafuni na usiku kucha nyumba nzima inasikia matone. Bi Cherehani alijaribu leo kuondoka na kikombe chake, eti akamezee chumbani kwa Mama Posta, wanywe chai pamoja. Nilimwambia chai akanywe, kidonge akiache tumboni kwanza. Mpishi alicheka. Bi Cherehani hakucheka.

Kwa miaka niliyofanya kazi nimejifunza kutambua watu wanaotaka kugombana ili tu wasisahauliwe. Nadhani ni mmoja wao.

Jumatatu, 6 Aprili

Presha ya Bi Cherehani imeshuka vizuri. Kwa hiyo lilikuwa suala la kumeza tu. Nilimwonyesha namba, nikitegemea angalau atabasamu. Akasema, “Hongera yako.”

Ya Mama Posta imepanda, tena imepanda sana. Nilimuuliza kama anameza dawa zake. Akaitikisa chupa. Alilalamika kidogo kuhusu kichwa, akasema ni unyevunyevu wa mvua. Daktari anakuja Alhamisi; nitamwomba amwangalie wa kwanza.

Alhamisi, 9 Aprili

Daktari hakuja. Daraja limefunikwa na maji. Amesema kwa simu atakuja Jumatatu, na Mama Posta apumzike.

Jumamosi, 11 Aprili

Naandika haya nikiwa nimerudi kutoka hospitali.

Asubuhi, wakati wa chai, Mama Posta aliangusha kikombe. Hakikuvunjika. Alikitazama sakafuni kama kitu cha mtu mwingine. Bi Cherehani aliyekuwa pembeni yake alimwita mara mbili, kisha akaniita mimi, na hakuniita askari. Nilipofika, upande wa kulia wa uso ulikuwa umeteremka na mkono wa kulia umelala pajani kama kitambaa. Nilimwambia atabasamu. Nusu ilitabasamu.

Watu wa gari la wagonjwa walisema wangepitia njia ya juu kwa sababu ya daraja, yaani tusubiri. Meneja hakusubiri. Alitoa gari lake, tukamlaza kiti cha nyuma kichwa kikiwa mapajani mwangu, akaendesha kwa njia ya machimbo ambayo sikujua kama ni njia. Kwenye lango la hospitali alisema tu, “Tumefika, mama.”

Daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliuliza maswali yale ninayoyajua kwa sababu nimeyasikia yakiulizwa nusu ya umri wangu. Kiharusi. Ana presha? Ndiyo. Anatumia dawa? Nikasema anajihifadhia mwenyewe, na zipo.

“Umeziona?”

“Nimezisikia,” nikasema.

Aliacha kuandika. Hakunikemea. Aliendelea na swali lililofuata, nami nikajibu, lakini neno langu lilibaki pale mezani kati yetu mpaka alipoondoka.

Jumapili, 12 Aprili

Hospitali walinikabidhi nguo za Mama Posta pamoja na ufunguo. Leo mchana nilifungua droo yake mbele ya Meneja. Chupa ilikuwa na vifungo. Vifungo vidogo vyeupe vya mashati ya shule, kama ishirini hivi. Dawa hakuna hata moja, wala chupa nyingine.

Meneja alikaa kitandani. Nilipogeuka, Bi Cherehani alikuwa amesimama mlangoni akishikilia fremu.

“Ni vyangu,” alisema. “Vidonge vya dawa vilimwishia tangu kabla hujaja.”

Nimejaribu kuyaandika maneno yake kama alivyoyapanga. Mpwa wa Mama Posta ndiye aliyekuwa akileta dawa. Mwishoni mwa mwaka akaacha kuja. Mama Posta hakutaka ijulikane kwamba hana. Kusema huna ni kusema watu wako wamekutupa, na hilo kwenye nyumba ya wazee ni tangazo. Siku hiyohiyo utahurumiwa na mpishi. Basi Bi Cherehani akaona kidonge chake na kile alichokuwa akimeza rafiki yake ni rangi ileile, umbo lilelile. Akamwambia kwamba daktari amemwandikia viwili na yeye kimoja kinamtosha. Kila asubuhi akaanza kukibeba kidonge chake chini ya ulimi mpaka chumbani mwa mwenzake, anakiosha, anampa. Kwa bahati, wala si kwa busara, dawa zilikuwa za aina moja.

“Na wewe ulikuwa unameza nini?” nikamuuliza.

“Mate.”

Kisha nikaja mimi na sheria yangu. Alimwambia Mama Posta kwamba Sista amempunguzia yeye vidonge, kimebaki kimoja. Mama Posta akasema hakuna neno, mwaka haukosi kuwa na neema, mpwa atakuja.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Kidonge kile cha leso, siku zile zote nilizosimama mbele yake, angeweza kusema neno moja tu.

Bi Cherehani alifikiri. Sidhani alitaka kuniumiza. Alikuwa anatafuta jibu la kweli.

“Uliniambia nifungue kinywa,” alisema. “Hukuniambia niseme.”

Nimerudia hesabu za presha. Kabla ya amri yangu, yeye alikuwa anaelekea kuanguka na mwenzake yuko salama. Baada ya amri yangu, yeye amesalimika na mwenzake ameanguka. Kanuni ni sahihi. Nimeisoma tena leo na sioni neno la kubadilisha. Ila kanuni hiyohiyo inasema dawa zihesabiwe kila wiki, na hapo ndipo nilipochagua adabu.

Jumatatu, 13 Aprili

Tukio kama hili linatakiwa liripotiwe kwa mamlaka bila kuchelewa. Niliandaa taarifa asubuhi. Meneja aliisoma amesimama, akafunga mlango wa ofisi.

Alinieleza kwa utulivu. Mkaguzi anakuja wiki ya pili ya Mei. Taarifa hii ikitangulia, atakuja ameshaamua. Leseni ikikataliwa, wazee kumi na mmoja wataondoka, na wanne kati yao hawana mlango wa kubisha hodi. Mzee Koti ana binti, lakini hajui binti huyo anaishi wapi. Aliniuliza ninadhani watapelekwa wapi. 

“Sista, sikuombi udanganye,” alisema. “Nakuomba uchelewe.”

Nilimwambia kuchelewa ndiko kulikomweka Mama Posta hospitalini. Sote tulichelewa: mpwa alichelewa, daktari alichelewa, mimi nilichelewa kuifungua chupa. Nilimwambia pia kwamba kosa la kutohesabu nimeliandika kwa jina langu, si la nyumba.

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ilibidi kungoja ipungue ili kusikilizana. Ilipopungua, Meneja aliketi. Alivuta karatasi, akachukua kalamu, akaongeza mstari mmoja chini ya wangu: kwamba alijua mpwa haji, alimpigia simu, akaambiwa kesho, naye akaridhika na kesho. Akaweka sahihi. Alinirudishia bila kuniangalia.

Nilikuwa nimemdhania mtu mwoga. Woga anao, lakini haumzuii.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimekwenda hospitali. Mama Posta anaelewa kila kitu. Maneno yanatoka yamevimba. Mkono wa kulia bado.

Mpwa alikuwepo, amesimama miguuni mwa kitanda na mfuko wa machungwa. Nilikuwa nimemwandalia maneno njiani. Hayakutumika. Amepoteza kazi tangu mwaka jana. Alipompigia shangazi yake kumweleza, shangazi alimwambia anazo dawa za kutosha, asijisumbue, atafute kwanza kazi. “Alizitikisa kwenye simu,” alisema. “Nilizisikia.”

Tuliangaliana. Nikamsaidia kutafuta kisu cha kumenyea machungwa.

Alhamisi, 23 Aprili

Bi Cherehani hali vizuri. Anameza kidonge, anafungua kinywa kabla sijasema, anakiacha wazi mpaka niondoke. Ni adhabu, sijui ni yake au ni yangu.

Jumatano, 29 Aprili

Paa la stoo limezibwa. Limevuja kwingine.

Jumatatu, 4 Mei

Mama Posta amerudi kwa kiti cha magurudumu. Wazee walijipanga ukumbini kumpokea na Mzee Koti alivua koti, jambo ambalo mpishi anasema halijawahi kuonekana. Bi Cherehani alikuwa amempindia kitambaa kipya cha meza ndogo ya kitandani.

Jumatano, 6 Mei

Dawa za Mama Posta sasa ziko kwenye kabati langu. Hakubisha. Asubuhi alimeza, kisha akanishika mkono kwa ule wa kushoto. Ilimchukua muda kutengeneza sentensi. Alitaka nimrudishie Bi Cherehani kile kidonge cha pili nilichompunguzia. Asije akaanguka yeye pia.

Nikagundua kwamba hakuna aliyemwambia. Ningeweza kusema “nitaangalia”. Ni neno zuri, nimelitumia sana wodini.

“Hakuwahi kuwa na viwili, mama,” nikamwambia. “Kilikuwa kimoja tu.”

 Mama Posta aligeuza uso ukutani, na kwa kuwa shingo haigeuki vizuri bado, ilibidi nimsaidie.

Mchana Bi Cherehani alikuja na chai. Mama Posta alimwambia, neno baada ya neno, mimi nikiwa nimeshika mlango: “Umenilisha uhai wako bila kuniuliza. Ungenifia je?” Akamwomba atoke.

Bi Cherehani alitoka na kikombe chake na cha mwenzake. Aliviosha vyote viwili vikiwa vimejaa.

Jumamosi, 9 Mei

Hawasemezani. Mpishi amejitolea kuwapatanisha, nimemwomba apike.

Jumanne, 12 Mei

Mkaguzi. Mwanamke wa umri wangu, buti za mpira, sauti ya chini. Alifungua kabati, akavihesabu vidonge vya kila mzee kwa macho na kwa kidole, na mimi nikahesabu naye. Alitaka kuonana na Bi Cherehani peke yake. Walikaa saa nzima. Sijui walisema nini. Nilipopita dirishani Bi Cherehani alikuwa anamwonyesha jinsi ya kupinda pembe ya kitambaa.

Mwishoni alituita mimi na Meneja. Aliuliza kwa nini sikuvihesabu vidonge vya Mama Posta. Nikasema niliona haya.

“Haya ya nani?”

Nilifikiri nimelijua jibu mpaka nilipofungua kinywa. Nikamwambia nilidhani ni ya Mama Posta, lakini huenda ilikuwa yangu.

Aliandika kitu. Meneja alikuwa anakunjakunja kona ya kitabu cha wageni.

Jumanne, 19 Mei

Mvua zinapungua. Tunasubiri.

Jumatatu, 25 Mei

Majibu yamekuja. Leseni ya muda imeongezwa miezi sita, bila kupokea mzee mpya. Dawa za kila anayejihifadhia zionekane, zisisikike; hayo ndiyo maneno yenyewe, na nayajua yalikotoka. Dawa ya mzee ikikosekana siku moja, nyumba imfuate daktari siku hiyohiyo, na kituo cha afya cha serikali kitatoa za wale ambao ndugu zao hawana uwezo. Mimi niendelee kuwepo.

Nilisoma mbele ya wazee ukumbini. Mzee Koti aliuliza tumefaulu au tumefeli. Meneja akasema bado tunasahihishwa. Mzee Koti akasema katika umri wake hiyo ni habari njema.

Nimebadilisha kitu kimoja, hakimo kwenye kanuni. Kabla ya kikombe naketi. Namuuliza mzee kama ana la kuniambia. Wengi hawana. Mmoja alinieleza ndoto nzima.

Jumatano, 27 Mei

Jua, la kwanza la maana. Tumefungua madirisha yote ya ukumbi. Bi Cherehani alikuwa ameketi karibu na dirisha akishona, ameipa kisogo nyumba. Mama Posta alikuwa nyuma yake kwenye kiti cha magurudumu, anajaribu kufungua kurasa za gazeti la Mzee Koti kwa mkono wa kushoto.

Aliniita. “Mwambie,” alisema, akavuta pumzi, “ananizibia mwanga.”

Nilikwenda hatua mbili, nikamwambia Bi Cherehani. Hakuinua kichwa.

“Ana mdomo. Aniambie mwenyewe.”

 Mpishi alitoka jikoni na mwiko. Mama Posta aliukusanya uso wake, ule upande unaotii na ule usiotii, na nikaona anavyolitafuta neno, analikosa, analirudia.

“Sogea,” alisema.

Bi Cherehani alichomeka sindano kwenye kitambaa. Alisimama, akashika kiti chake kwa mgongo. Upande wa ukutani kulikuwa na nafasi ya kutosha. Alikiburuta nyuma mpaka mkono wa kiti chake ukagusa mkono wa kile cha magurudumu, akaketi. Sasa alikuwa amezuia mwanga zaidi kuliko mwanzo. Mama Posta hakulalamika. Alimpa ukurasa mmoja wa gazeti amshikie, akaanza kumweleza jambo, polepole sana, na mwenzake akainama ili asikose neno.

Jioni ilipofika nilikuwa nimesimama mlangoni na trei, nao walikuwa bado hawajamaliza. Dawa za jioni zimetolewa kwa kuchelewa. Nimeandika muda, na kwenye nafasi ya sababu nimeandika: wazee walikuwa wanaongea.